Baraza, Shauri na Mkutano: Lugha ya Uongozi Ugogo katika Miaka ya Mdororo Mkuu wa Uchumi

Mtumba, mashariki ya mji wa Dodoma, leo inafahamika kwa Mji wa Serikali uliozinduliwa mwaka 2019. Ofisi za wizara zimesimama katika nchi ya Wagogo, ambako maneno baraza, shauri na mkutano yalitumika kuwatawala watu muda mrefu kabla ya kuwapo kwa wizara yoyote. Kamusi hueleza maana za maneno hayo kana kwamba zilitulia tangu zamani. Ukweli ni kwamba sehemu ya maana hizo iligombewa vijijini, na mahali pazuri pa kuutazama ugomvi huo ni Ugogo ya miaka ya 1930, fedha ilipoadimika.

Kabla ya ukoloni Wagogo hawakuwa na mfalme mmoja. Nchi yao iligawanyika katika maeneo mengi madogo, kila moja likiitwa yisi, na kila yisi ilikuwa na mtemi wake. Mtemi alikuwa mlinzi wa mawe ya mvua na wa ibada za kupanda na kuvuna. Hakuwa mtoza kodi wala hakimu wa kila ugomvi. Magomvi yaliamuliwa na wazee walioketi pamoja na kusemezana hadi wakaafikiana. Jina mtemi huhusishwa na kitenzi kutema, yaani kukata. Wako wasemao kuwa aliyekatwa ni msitu wa makazi mapya, na wako wasemao kuwa ni shauri. Tafsiri ya pili huwavutia wengi kwa sababu Kiswahili nacho husema kukata shauri, lakini kwa Ugogo inampa mtemi kazi ambayo kwa kweli ilikuwa ya wazee.

Wajerumani waliingiza akida na jumbe, vyeo vilivyotoka pwani pamoja na lugha yake. Waingereza, chini ya Gavana Donald Cameron, waliwaondoa maakida, na kwa sheria ya mwaka 1926 wakaunda Serikali za Wenyeji. Maeneo madogo yaliunganishwa. Mtemi alipewa mshahara, karani, tarishi, hazina na baraza. Kwa asili baraza ni kibao cha mawe au cha udongo mbele ya nyumba ya pwani, mahali pa mwenye nyumba kupokea wageni bila kuwaingiza ndani. Neno hili lenye asili ya Kiarabu lilibeba picha hiyo hadi bara: baraza lina mwenyewe. Watu huenda barazani kwa fulani, na fulani ndiye afunguaye mazungumzo na kuyafunga.

Mpango huo ulikuwa na umri wa miaka mitatu tu masoko ya hisa ya New York yalipoanguka, Oktoba 1929. Bei ya katani, zao kuu la Tanganyika, ilishuka kwa zaidi ya nusu katika miaka michache, na mishahara ya mashambani ikashuka pamoja nayo. Mgogo aliyezoea kuuza ng'ombe au kwenda kwenye kazi za mkataba ili apate kodi alikuta njia zote mbili zimekuwa nyembamba. Nzige nao walivamia Tanganyika mwanzoni mwa miaka ya 1930. Hofu haikuwa ya kubuni, kwani watu wazima wote waliikumbuka Mtunya, njaa kubwa iliyofuata vita vya kwanza vya dunia. Kodi, hata hivyo, iliendelea kudaiwa kwa fedha taslimu, na asiyekuwa nayo aliweza kupelekwa kufanya kazi za serikali badala yake.

Hapa ndipo baraza lilipotiwa katika mtihani. Hazina ya wenyeji ilijazwa na sehemu ya kodi, na mshahara wa mtemi ulitoka humo. Kwa hiyo mtu yule yule aliyetarajiwa kuomba mvua kwa niaba ya watu wake alisimama mbele yao kuwadai shilingi ambazo mvua na soko viliwanyima. Sheria ilimruhusu kutoa amri, zikiwamo za kulima mazao ya kinga ya njaa. Amri hizo zilisomwa barazani. Wazee waliohudhuria waliweza kuuliza na hata kulalamika, lakini lililoletwa lilikuwa limekwisha amuliwa kwingine. Kuliita kusanyiko la namna hiyo demokrasia ya Kiafrika, kama walivyopenda baadhi ya watetezi wa mfumo huo, ni kulitwisha neno mzigo usio wake.

Neno shauri linaonyesha badiliko hilo waziwazi zaidi. Katika Kiarabu mzizi wake ni wa kutakana rai, na Kiswahili kimeihifadhi maana hiyo katika kushauriana na kutoa shauri. Lakini katika lugha ya ofisi za kikoloni shauri likawa kesi, tatizo, jambo la kupelekwa kwa mkubwa. Afisa wa wilaya mwenye cheo cha chini aliitwa Bwana Shauri, na jina hilo halikuwa na maana ya mshauri. Lilimtaja msikilizaji wa kesi. Upatanisho wa kisarufi nao umeacha alama. Husemwa shauri lako kwa rai au kesi, bali shauri yako humaanisha kwamba jambo ni lako, ubebe mwenyewe. Neno la kutakana rai limeishia kuwa neno la kuachana.

Mkutano ni neno la namna nyingine. Limetoka katika kitenzi kukutana, chenye kiambishi -an- cha kutendana: hakuna akutanaye peke yake. Mofolojia pekee haithibitishi kitu, maana mkutano wa hadhara nao huweza kuwa hotuba ya mtu mmoja. Lakini matumizi yanasaidia. Jumuiya ya Waafrika wa Tanganyika, African Association, iliundwa Dar es Salaam mwaka 1929, mwaka ule ule wa kuanguka kwa masoko. Wanachama wake wa awali walikuwa zaidi makarani, walimu na watumishi wengine wa serikali. Mji wa Dodoma, penye reli na makutano ya barabara kuu, ulipata tawi lililokuja kuwa na nguvu, na mkutano wa Jumuiya wa mwaka 1945 ulifanyika huko. Walioketi mikutanoni walikuwa na mwenyekiti na katibu, vyeo vilivyotokana na kukubaliana na si na mawe ya mvua wala mshahara wa hazina. Tena walikuwa wa makabila mbalimbali, na Kiswahili ndicho kilichowawezesha kusikilizana.

Miaka hiyo hiyo Kiswahili chenyewe kilikuwa kikiwekewa baraza lake. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilianza kazi mwaka 1930 chini ya katibu wake Frederick Johnson, na kamusi sanifu ikatoka mwaka 1939, miaka miwili baada ya kifo chake. Humo baraza limeelezwa tangu kibao cha mawe hadi halmashauri. Ngazi zote zimo. Kisichomo ni nani alinyamazishwa katika kila ngazi.

Kwa upande huo msomaji hufaidika zaidi kwa Mathias Mnyampala, aliyezaliwa mwaka 1917 Ihumwa, jirani na Mtumba, akakulia katika miaka hiyo ya shida, na baadaye akawa karani na liwali, yaani mtu aliyelijua baraza kutoka upande wa meza. Kitabu chake cha mwaka 1954 juu ya historia, mila na desturi za Wagogo kimeandikwa kwa Kiswahili, si Kigogo. Wengine wamemlaumu kwa hilo. Lakini mwandishi aliyetaka watemi wake wajulikane na Watanganyika wote hakuwa na lugha nyingine iliyofaa.

Utemi ulifutwa kisheria mwaka 1963. Maneno yalibaki, na sheria za baadaye zikayagawia kazi. Kijijini, watu wazima wote hukusanyika katika mkutano mkuu wa kijiji. Wachache waliochaguliwa huunda halmashauri, neno ambalo ndani yake limo shauri. Na palipo na ugomvi wa ardhi huitwa baraza. Mgawanyo huo unafuata kwa ukaribu mstari uliochorwa katika miaka ya 1930: wakutanao ni wengi, na barazani huendwa kusikiliza uamuzi. Kwa hiyo, mwenyeji wa Mtumba anapoitwa kuelezwa mipango ya kiwanja chake, haimdhuru kuuliza kwanza ameitwa barazani au mkutanoni.