Uvimbe Bapa wa Utumbo Mpana: Usiotafutwa Hauonekani

Saratani nyingi za utumbo mpana huanza na uvimbe mdogo usio na saratani. Kwa miaka mingi madaktari walifundishwa kutafuta uvimbe uliochomoza na kusimama juu ya kikonyo kama uyoga. Mwaka 1985, Tetsuichiro Muto na wenzake wa Japani walieleza uvimbe wa sura nyingine: mdogo, bapa, uliolala sambamba na ukuta wa utumbo. Madaktari wengi wa Magharibi waliuona kuwa ugonjwa wa Wajapani. Hoja yangu ni kwamba tofauti kubwa iliyodhaniwa kuwa ya miili ya watu ilikuwa, kwa sehemu kubwa, tofauti ya namna ya kutazama.

Ushahidi upo. Mwaka 2000, watafiti wa Leeds, Uingereza, waliwapima wagonjwa 1,000 kwa kamera ya kuchungulia ndani ya utumbo, wakifuata mbinu za Kijapani, ikiwemo kunyunyiza rangi ya buluu inayodhihirisha mipaka ya uvimbe. Kati ya vivimbe 321 walivyopata, asilimia 36 vilikuwa bapa. Mwaka 2008, uchunguzi wa maveterani 1,819 huko California ulikuta uvimbe usiochomoza kwa zaidi ya asilimia 9 yao, na ulikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kubeba saratani kuliko uliochomoza. Waingereza na Wamarekani hawakugeuka Wajapani. Waliowapima ndio waliobadili utazamaji.

Kuna atakayepinga kwamba Mwafrika ni tofauti kweli. Denis Burkitt, daktari aliyefanya kazi Uganda, alieleza mwaka 1971 kuwa vyakula vyenye nyuzinyuzi nyingi ndivyo vilivyowakinga Waafrika wa vijijini dhidi ya saratani hii. Utafiti wa mwaka 2015 ulimpa nguvu: Wamarekani weusi na wanakijiji wa Afrika Kusini walipobadilishana vyakula kwa wiki mbili tu, hali ya kuta za utumbo wao ilibadilika. Nakubali kuwa chakula kina uzito. Lakini wingi wa wagonjwa ni jambo moja, sura ya uvimbe ni jingine. Penye uhaba wa kamera, saratani hugunduliwa ikiwa imekwisha kuziba utumbo, na hapo hakuna awezaye kujua kama ilianza bapa au imechomoza. Ukimya wa takwimu zetu si uthibitisho kwamba uvimbe haupo.

Hilo linaihusu Mwamapalala, mkoani Simiyu, Tanzania. Huko Kanda ya Ziwa, damu kwenye choo ina maelezo mengi ya karibu: kichocho, amiba, bawasiri. Kuanza na hayo ni sahihi. Kuishia hapo ndiko kunakoua. Itasemwa kuwa kila mwanakijiji hawezi kupimwa kwa kamera. Ni kweli, wala haihitajiki. Kinachohitajika ni kwamba mtu aliyemaliza dawa na damu ikaendelea, au anayekonda na kupungukiwa damu bila sababu, apewe rufaa mapema hadi hospitali yenye kipimo hicho, kama Bugando, Mwanza. Ukiwa katika hali hiyo, usirudie dawa ileile mara ya tatu: omba rufaa.