Fahamu: Mtoto wa shule ya msingi akae na simu kwa muda gani?

Wazazi hutaka namba. Shirika la Afya Duniani (WHO) liliitoa kwa wadogo tu: mwongozo wa 2019 unasema watoto wa miaka 2 hadi 4 wasizidishe saa moja kwa siku. Kwa wa miaka 5 hadi 17, mwongozo wa 2020 hautaji saa. Unataka muda wa kukodolea macho kioo upunguzwe, na mtoto akimbie na kucheza walau dakika 60 kwa siku.

Hapo ndipo ushauri unapokwama hapa Musonoi. Mtaa huu wa Kolwezi, nchini Kongo (DRC), umepakana na migodi. Ukimwambia mtoto "toka nje ukacheze", unamtuma kwenye vumbi. Na kobalti inayochimbwa huku ndiyo huingia kwenye betri za simu anazong'ang'ania.

Kwa hiyo mimi ningeanza na usingizi: mwenye miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala saa 9 hadi 12 kwa siku. Simu ikiwa ni moja, ya baba au mama, namba ya siri ibaki kwa mwenye simu. Kwenye YouTube, zima video kujicheza mfululizo. Umeme ukirudi saa nne usiku, simu ichajiwe chumbani kwa wakubwa, si kando ya mkeka wa mtoto.