Mwadingusha: kapsule ya farmasi haiponyeshi kuku mwenye Newcastle

Kwa familia nyingi za Mwadingusha, kando ya barrage ya mto Lufira na ziwa Tshangalele, kuku wa lupango ni benki ya mama. Minervali ya mtoto, safari ya Likasi, mgeni wa ghafla: vyote vinatoka kwenye kibanda cha kuku. Ndiyo maana, asubuhi ile kuku watatu wanapokutwa chini, mtu anakimbilia farmasi, ananunua kapsule za tetracycline au amoxicilline za watu, anazifungua ndani ya maji ya kuku na kungojea.

Mara nyingi anangojea bure. Ugonjwa unaofagia kuku wa mtaa mzima kwa siku chache, shingo ikipinda, mabawa yakilegea, kinyesi kikiwa cha kijani, kuku akihema mdomo wazi, kwa kawaida ni Newcastle. Ndugu zetu wa Tanzania wanauita mdondo au kideri. Unaletwa na virusi, na antibiotiki haiui virusi, inapigana na bakteria. Kuku mmoja akipona kisha kunywa maji yale, sifa inaenda kwa kapsule, jirani naye anaambiwa, na desturi inaendelea hivyo.

Kinga ya Newcastle ni chanjo, tena kabla kuku hajaugua. Kuna ile ya I-2, inayovumilia joto kuliko zingine, jambo kubwa kwa kijiji kisicho na frigo. Ni tone moja kwenye jicho, kisha inarudiwa kila miezi 3 au 4. Kwa sababu chupa moja inatosha kuku wengi, majirani wanaweza kuchanga franka na kuita veterinere siku moja.

Antibiotiki ina kazi yake. Kipindupindu cha kuku na tifo ya kuku ni za bakteria. Lakini kifaranga mwenye kinyesi cha damu mara nyingi ana kimelea cha tumboni, na dawa yake ni nyingine. Ni veterinere anayetofautisha. Yeye anasema kipimo na idadi ya siku. Tena kuku aliyepewa dawa hachinjwi kesho yake, na mayai yake hayaliwi, mpaka siku zilizoandikwa kwenye chupa ziishe. Hapo wengi wanakosea, maana kuku anayetaka kufa anapelekwa haraka kwenye sufuria.

Dawa kidogo kidogo inafundisha bakteria kuizoea, na bakteria hao wanahamia kwa watu. Mwaka 2019, vifo karibu milioni 1.27 duniani vililetwa moja kwa moja na bakteria wasiosikia dawa.

Kuku akianza kuugua, atengwe. Aliyekufa achomwe au azikwe kwa kina, mbali na mbwa, wala asitupwe ziwani. Kuku mpya kutoka soko akae peke yake wiki 2. Na yule mgonjwa anayeuzwa bei ya chini kule Likasi "kabla hajafa", anapanda taxi pamoja na ugonjwa wake, anashukia kwenye lupango la mtu mwingine.