Mkunga wa mtoni: kwa nini mlango wa mto usizibwe kwa nyavu

Wakazi wa kandokando ya mito Pangani na Rufiji humfahamu mkunga kuwa samaki wa mtoni, mrefu na mtelezi, ajifichaye chini ya mawe mchana na kuwinda usiku. Jambo lisilofahamika na wengi ni kwamba samaki huyu hazaliwi mtoni. Huzaliwa katika kina cha Bahari ya Hindi, na wataalamu wanaamini mazalia yake yako upande wa mashariki ya Madagaska. (Asichanganywe na mkunga wa miambani, aishiye baharini maisha yake yote.)

Mayai yakishaanguliwa, vitoto vyembamba mithili ya jani husukumwa na mkondo wa bahari kuelekea magharibi hadi mwambao wa Afrika. Vinapokaribia nchi kavu hubadilika umbo, vikawa vijikunga vinavyopenya nuru kama kioo. Hivyo ndivyo huingia katika milango ya mito, hasa usiku na kwa maji kujaa, vikiyafuata maji baridi. Baada ya hapo hupanda mto. Vikiwa bado vidogo huweza hata kukwea mwamba wenye unyevu kandokando ya maporomoko, uwezo ambao hupungua kadiri vinavyokua.

Mkunga hukaa katika maji baridi kwa miaka mingi, wengine zaidi ya 10. Anapopevuka macho yake hukua, tumbo hung'aa, naye husubiri mafuriko. Mvua zikichafua maji na kuinua kina, hushuka usiku kurejea baharini, akataga mara moja tu na kufa. Kwa sababu hiyo, mkunga mpevu anayenaswa akishuka huwa amevuliwa kabla ya kuacha uzao hata mmoja.

Mabwawa huigusa safari hii pande zote mbili. Katika mto Pangani, kituo cha kufua umeme cha Hale kilianza kazi mwaka 1964, na juu zaidi liko bwawa la Nyumba ya Mungu. Ukuta mkavu haukweki, na anayeshuka kupitia mitambo huweza kukatwa na mapanga yake, kwani mwili mrefu ndio ulio hatarini zaidi. Umeme ni hitaji la Taifa, lakini ziko njia za kupunguza madhara: mfereji wa mteremko uliowekwa nyuzi zenye unyevu ili vijikunga vikwee, na kuachilia maji wakati wa msimu wa kushuka. Umoja wa Ulaya, ambako mkunga wa huko amepungua mno, uliweka kanuni mwaka 2007 inayolenga angalau asilimia 40 ya mikunga wapevu ambao wangekuwepo pasipo athari za binadamu wafike baharini.

Nchini, Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya mwaka 2009 huyapa mahitaji ya mazingira nafasi ya pili, baada ya matumizi ya nyumbani. Mto usipoifikia bahari, vijikunga havina maji ya kufuata.

Kwa mvuvi, lililo muhimu ni dogo na liko mikononi mwake. Wavu au uzio unaokinga mto kutoka ukingo hadi ukingo nyakati za mvua huwazuia wanaopanda na wanaoshuka kwa pamoja. Chandarua hukusanya hata wale wasiofikia urefu wa kidole. Sehemu ya mkondo ibaki wazi, hususan usiku, maji ya mto yanapojaa.