Yai lisilosubiri raha

Anayefuga ng'ombe wa maziwa anaijua adha ya kuvizia joto. Dalili hutokea kila baada ya siku 21 hivi, hudumu saa chache, mara nyingi usiku, na ukizikosa umepoteza wiki tatu za maziwa. Mfugaji wa sungura hana habari na mahangaiko hayo. Anamtoa jike kwenye banda lake na kumpeleka kwa dume, wala si kinyume chake, kwa sababu jike hulinda makazi yake na anaweza kumng'ata mgeni. Anasubiri dakika chache. Dume akimaliza hutoa mlio mfupi, huanguka ubavu, na hapo kazi imeisha. Siku kama 31 baadaye, jike anajinyofoa manyoya ya kifuani kutandikia kiota, na vichanga wanazaliwa.

Siri ya urahisi huo ilielezwa mwaka 1905 na mwanasayansi Mwingereza, Walter Heape. Alionyesha kwamba sungura jike haachii mayai kwa kufuata tarehe. Mayai hukomaa na kukaa tayari kwenye ovari yakingoja tendo lenyewe, na akikosa dume huharibika mulemule. Akipandwa, mayai huachiliwa saa kumi hivi baadaye. Yaani mguso wa kujamiiana ndio unaofungua mlango.

Njia ya habari hiyo ni ndefu kidogo. Mishipa ya fahamu ya sehemu za siri hupeleka taarifa kwenye uti wa mgongo, kisha kwenye ubongo, katika eneo dogo liitwalo haipothalamasi. Hilo huiamuru tezi ya pituitari, iliyo chini yake, kumwaga homoni kwenye damu, na homoni hiyo ikifika kwenye ovari, yai hutoka. Mwaka 1937 Geoffrey Harris, Mwingereza mwingine, aligusisha umeme kwenye haipothalamasi ya sungura wasiopandwa kabisa, nao wakaachia mayai. Leo inaonekana jambo dogo. Wakati ule wengi waliamini tezi hujiendesha zenyewe, na wazo kwamba ubongo ndio unaoshika usukani wa uzazi lilipata ubishi wa miaka mingi. Homoni ambayo haipothalamasi hutumia kuamuru ilikuja kutambuliwa mwaka 1971, ikawaletea Andrew Schally na Roger Guillemin Tuzo ya Nobel mwaka 1977. Wanawake wanaochomwa sindano za kuratibu mayai kwenye kliniki za kupandikiza mimba wanafaidi kazi iliyoanzia kwa sungura hao.

Sungura walitumika hata kupima mimba za wanadamu. Kwa kuwa jike aliyefungiwa peke yake hana yai lililoachiliwa, Maurice Friedman wa Marekani alionyesha mwaka 1931 kwamba ukimdunga mkojo wa mwanamke mjamzito, homoni ya mimba iliyomo itamfanya aachie mayai ndani ya siku mbili. Kuyaona ilibidi apasuliwe, kwa hiyo sungura alikufa, mimba iwepo isiwepo. Afadhali chura wa Afrika Kusini, aliyekuja kuchukua nafasi yake: yeye alipodungwa mkojo wa mjamzito alitaga mayai usiku huohuo, na baadaye aliweza kutumika tena.

Paka naye yumo katika kundi hilohilo. Uume wa dume una vijiba vidogo vyenye ncha, na yule jike unayemsikia akipiga kelele juu ya paa usiku wa manane hupiga ule ukelele mkali zaidi pale dume anapochomoka. Mara nyingi tendo moja halitoshi. Hupandwa mara kadhaa, pengine na madume tofauti, na ndiyo maana uzao mmoja unaweza kuwa na watoto wa baba wawili au watatu. Mweusi, wa kahawia na mwenye mabaka, wote tumbo moja.

Hata hivyo, anayenistaajabisha mimi ni ngamia. Kwa muda mrefu alihesabiwa pamoja na sungura na paka: anapandwa, mguso unapanda ubongoni, yai linatoka siku moja au mbili baadaye. Mwaka 1985 watafiti wa China wakaja na jambo lisilotarajiwa. Walichukua shahawa za ngamia wa nundu mbili na kumwekea jike ukeni bila dume kumpanda. Yai likatoka. Miaka ishirini baadaye, watafiti wa Kanada na Amerika Kusini, wakiwemo Gregg Adams na Marcelo Ratto, wakafanya jaribio la kukata mzizi wa ubishi kwa lama na alpaka, ndugu wa ngamia. Waliyachuja maji ya shahawa yabaki bila mbegu, wakayachoma kwa sindano kwenye msuli, mbali na uke na mfuko wa uzazi. Karibu majike wote waliodungwa maji hayo waliachia mayai, na waliodungwa maji ya chumvi hawakuachia. Hapa hakukuwa na mguso wowote wa kujamiiana. Dume alikuwa amebeba ujumbe wa kemikali katika maji yake, ujumbe unaopita kwenye damu hadi ubongoni mwa jike.

Ulikuwa ujumbe gani? Mwaka 2012 walitangaza kwamba wameutambua, na ajabu ni kwamba ulishajulikana kwa kazi nyingine kabisa. Ni protini inayokuza seli za fahamu, ileile aliyoigundua Rita Levi-Montalcini. Huyu alikuwa Myahudi wa Italia aliyefukuzwa chuoni na sheria za kibaguzi za Mussolini, akaendelea na utafiti chumbani kwake kwa kutumia mayai ya kuku, kisha akahamia Marekani, ambako alifanya ugunduzi huo. Mwaka 1986 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Stanley Cohen. Kumbe protini ya neva imejaa kwenye shahawa za ngamia, na imepatikana hata kwenye shahawa za fahali.

Tuje kwa binadamu. Yai la mwanamke haliitwi na mguso wala na maji. Miaka ya 1920 Kyusaku Ogino wa Japani na Hermann Knaus wa Austria, kila mmoja kivyake, walionyesha kwamba hutoka takriban siku 14 kabla ya hedhi inayofuata, mume awe kitandani au awe safarini Muscat. Likishatoka huishi takriban siku moja. Mbegu za kiume zinaweza kungoja hadi siku tano. Mwaka 1995 Allen Wilcox na wenzake walichapisha matokeo ya kufuatilia wanawake 221 wa North Carolina waliokuwa wakitafuta mtoto: mimba zote zilitungwa kutokana na tendo lililofanyika ndani ya siku sita zinazoishia siku ya yai kutoka. Miaka mitano baadaye wakaongeza jambo ambalo wategemezi wa kalenda hawapendi kulisikia. Ni asilimia 30 hivi tu ya wanawake ambao siku zao za hatari zote ziliangukia kati ya siku ya 10 na ya 17 ya mzunguko, kama vitabu vilivyodai.

Basi kama yai halihitaji raha, kilele cha mwanamke, ambacho wengine hukiita mshindo, kina kazi gani? Mihaela Pavličev na Günter Wagner walipendekeza mwaka 2016 kwamba ni urithi. Mababu wa mbali wa mamalia, wanasema, huenda walikuwa kama sungura: msisimko uliachia yai. Baadaye baadhi ya jamii, pamoja na yetu, zikaanza kuachia mayai kwa mzunguko, na msisimko ukabaki bila kazi ile ya awali. Ushahidi wao mmoja ni wa maumbile. Kwa wanyama wanaohitaji kupandwa ili yai litoke, kinembe mara nyingi kiko ndani ya njia ya kujamiiana au jirani nayo, lakini kwa wanaoachia wenyewe kimesogea mbali. Kuna wanawake wengi waliojiona wana kasoro kwa kutofika kileleni kwa kuingiliwa peke yake. Umbali huo ni maumbile ya kawaida.

Mwaka 2019 waliipima hoja yao. Waliwapa sungura fluoksetini, dawa ya sonona inayojulikana kuwachelewesha au kuwanyima watu kilele, kwa wiki mbili, kisha wakawapandisha. Mayai yaliyoachiliwa yalipungua kwa asilimia 30. Walipowadunga wengine homoni inayokwenda moja kwa moja kwenye ovari, dawa haikuleta tofauti, dalili kwamba tatizo halikuwa kwenye ovari. Kwangu mimi hii bado ni nadharia nzuri, si neno la mwisho. Hakuna anayejua sungura anahisi nini, na dawa hiyo hugusa mambo mengi ubongoni.

Hayo yangebaki kuwa maongezi ya maabara, kama imani ya kale isingeyageuza kuwa kesi. Tangu enzi za Galen, tabibu wa Kigiriki wa karne ya 2, wengi waliamini mwanamke hashiki mimba bila kufurahia. Sheria ikaidaka imani hiyo. Kitabu cha sheria cha Uingereza cha mwishoni mwa karne ya 13, kiitwacho Britton, kilimkatalia mwanamke aliyeshika mimba kudai kwamba alibakwa. Na mwaka 2012 Todd Akin, mgombea useneti wa Missouri, alidai mwili wa aliyebakwa kwelikweli una namna ya kuzuia mimba. Alishindwa uchaguzi, lakini dhana yake ina wafuasi hata kwenye vikao vyetu vya ukoo, pale msichana anapoulizwa: kama hukutaka, mimba imetoka wapi? Utafiti wa Marekani wa mwaka 1996 ulikadiria kwamba katika kila matukio 100 ya kubakwa kwa wanawake wa umri wa kuzaa, 5 hivi huishia kwenye mimba.  Maneno ya Akin ni uongo.

Wala kuitikia kwa mwili si ushahidi wa kuridhia. Meredith Chivers, mtafiti wa Kanada, aliwaonyesha wanaume na wanawake filamu mbalimbali, mojawapo ikiwa ya bonobo, sokwe wa Kongo, wakijamiiana. Vipimo vilionyesha damu ikiongezeka kidogo ukeni mwa wanawake waliosema, tena kwa ukweli, kwamba hawakusisimka hata chembe. Mwaka 2010 yeye na wenzake walijumlisha tafiti 132 na kukuta kwamba kwa wanawake mwili na nafsi hupishana mara nyingi zaidi kuliko kwa wanaume. Aliyelowa chini ya kisu hakusema ndiyo. Mashemeji, mashangazi, na nyinyi wazee wa mabaraza, lishikeni hilo kabla hamjamhoji mtoto wa mtu.

Na kwa kuwa yai lina ratiba yake, kuna dirisha la kuliwahi. Vidonge vya dharura, maarufu kama P2, hufanya kazi hasa kwa kuchelewesha yai kutoka. Vimezwe mapema iwezekanavyo, ndani ya saa 72. Yai likishatoka, msaada wake ni mdogo. Saa 72 hizohizo ndizo kikomo cha kuanza dawa za kukinga Virusi vya Ukimwi. Ukimjua aliyefanyiwa ukatili, mfikishe hospitali leo, bila kuoga, na nguo zake zikiwa kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki.