JE, NCHI HUZUNGUKA WAKATI WA TETEMEKO?

Jumamosi, tarehe 10 Septemba, 2016, saa tisa na dakika 27 alasiri, nilikuwa uani kwa Babu huko Kyerwa nchi ilipotetemeka. Watu 17 walikufa mkoani kwetu Kagera. Sisi tulisalimika, lakini nguzo ya matofali ya baraza ilikatika katikati. Kipande cha juu kilibaki kimesimama, pembe zake zimegeuka upande. Babu akaniuliza, "Mjukuu wangu, hivi nchi imezunguka?" Sikuwa na jibu.

Tetemeko lile lilipimwa likaonekana ni la 5.9, nalo lilianzia chini kadiri ya kilomita 40. Vyombo vya kawaida vya kupimia hupima jinsi ardhi inavyokwenda huku na huko, na juu na chini. Ndani yake mna uzito ulioshikwa na springi. Ardhi ikisogea, uzito hubaki nyuma.

Lakini vyombo hivyo huweza kudanganyika. Ning'iniza timazi ya mwashi ndani ya basi liendalo Omurushaka kutoka Kaisho. Dereva akifunga breki, timazi huenda mbele. Basi likiteremka mlima taratibu, timazi huelekea mbele vilevile. Ukiitazama hiyo tu, huwezi kujua kama ni breki au mteremko. Kadhalika chombo: ardhi ikiinama kidogo, chenyewe huandika kwamba imesukumwa.

Kwa hiyo wataalamu walitafuta chombo kinachohisi mgeuko peke yake. Huko Wettzell, Ujerumani, uko mraba wenye pande za mita 4, na vioo katika pembe zake. Miali miwili ya leza huuzunguka, mmoja kulia na mwingine kushoto. Mraba ukigeuka, mwali unaofuata mgeuko hupata njia ndefu kidogo kuliko mwenzake, na tofauti hiyo huhesabiwa. Chombo hicho huhisi hata dunia inavyojizungusha usiku na mchana! Tetemeko kubwa la Hokkaido, Japani, la Septemba 2003, lilionekana pale likiigeuza ardhi ya Ujerumani, ingawa kwa kadiri ndogo mno.

Basi, nchi huzunguka kweli. Ila nguzo ya Babu si ushahidi. Robert Mallet, mhandisi wa Ireland, alieleza katika karne ya 19 kwamba nguzo iliyoshikamana zaidi upande mmoja huweza kugeuka hata ikisukumwa moja kwa moja, kama mlango kwenye bawaba.

Fundi alipoibomoa, alikuta saruji imeshika upande wa jikoni tu. Nguzo mpya ina nondo nne.