Mcheza Kwao Hutunzwa: Mpiga Enanga Anatunzwa na Nani?

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Leo tunawaomba wasomaji wetu wa Bukoba, Muleba na wilaya nyingine za Mkoa wa Kagera watuwie radhi tukiuliza swali ambalo limetukaa moyoni kwa muda mrefu: mpiga enanga wa kwetu anatunzwa na nani?

Hatuulizi kwa kuwanyoshea wengine kidole. Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa miongoni mwa waliopewa dhamana ya kuandaa mapokezi ya mgeni wa heshima wilayani Muleba. Katika orodha ya burudani tuliandika ngoma mbili, kwaya moja na mzee mmoja mpiga enanga. Mzee alifika saa moja asubuhi, ala yake ameifunga katika kitenge kama mtoto mchanga. Mgeni aliwasili saa nane mchana, ratiba imekwisha kuvurugika, nasi tukamgawia mzee dakika tano. Wajuao mambo haya watatucheka, maana utendi wa enanga huweza kuchukua saa nzima, na dakika tano hazimtoshi mwimbaji hata kuuweka uzi sawa na kuwaamkia wasikilizaji wake. Mzee akapiga, akaimba utangulizi, na alipoanza kumtaja shujaa wa utendi wake mshereheshaji akamshukuru, makofi yakapigwa, akashuka jukwaani. Tulimpa soda na nauli. Hapakuwa na mtu aliyekinasa alichokiimba, na sisi waandaaji hatukufikiri kuwa palikuwa na haja.

Habari hiyo imeturudia akilini tulipokuwa tukisoma juu ya vyombo ambavyo India imeviunda kuhifadhi na kuendeleza sanaa na fasihi zake.

Wengi wetu tunaijua India kwa mambo mawili, duka na sinema. Wafanyabiashara wa asili ya Gujarat na Kutch walifungua maduka Bukoba na Kamachumu, wakanunua kahawa na ngozi, wakauza kanga na mafuta ya taa. Kigujarati kilisikika nyuma ya kaunta zao, wala hatukudhani kuwa ni lugha yenye washairi na waandishi wa riwaya, kama na wao, aghalabu, wasivyodhani kuwa Kihaya kina tendi. Tuliishi mtaa mmoja kwa miaka mingi bila kuulizana habari hizo.

Basi tuulize sasa, ijapokuwa tumechelewa. India ilipopata uhuru mwaka 1947 ilikuwa na njaa, ilikuwa na mamilioni ya wakimbizi waliotokana na kugawanywa kwa nchi, na sehemu kubwa ya watu wake hawakujua kusoma wala kuandika. Ungetazamia serikali ya namna hiyo iseme kuwa habari za mashairi na ngoma zingoje kwanza. Haikusema hivyo. Mwaka 1950 Maulana Abul Kalam Azad, Waziri wa Elimu na mwanachuoni wa Kiislamu aliyeandika tafsiri ya Kurani kwa Kiurdu, aliasisi Baraza la Uhusiano wa Kitamaduni la India. Mwaka 1953 ikafunguliwa Sangeet Natak Akademi kwa ajili ya muziki, ngoma na maigizo. Mwaka 1954 zikafuata Sahitya Akademi kwa ajili ya fasihi, na Lalit Kala Akademi kwa ajili ya uchoraji na uchongaji. Zote tatu zilipewa makao katika jengo moja mjini Delhi lenye jina la mshairi Rabindranath Tagore, ambaye aliandika kwa Kibengali na mwaka 1913 akapata Tuzo ya Nobel.

Rais wa kwanza wa Sahitya Akademi alikuwa Jawaharlal Nehru, naye wakati huo huo alikuwa Waziri Mkuu. Inakumbukwa kuwa alipata kusema kwamba yeye, akiwa kiongozi wa Akademi, asingependa Waziri Mkuu aingilie kazi yake. Maneno hayo yana mzaha ndani yake, lakini sisi tuliolelewa katika kazi za siasa tunajua uzito wake. Fedha zilitoka serikalini, ilhali uamuzi wa kitabu kipi ni kizuri uliachwa kwa waandishi wenyewe.

Sahitya Akademi inazitambua lugha 24, na kila mwaka hutoa tuzo kwa kitabu bora katika kila lugha. Kigujarati cha wale wenye maduka kimo, na Kibengali, Kitamil na Kimalayalam kadhalika. Kisha kazi za lugha moja hutafsiriwa katika nyingine, ili mtu wa kusini amsome wa kaskazini. Hata lugha zisizo katika orodha hiyo hazikusahauliwa kabisa, kwani tangu mwaka 1996 ipo heshima maalumu iitwayo Bhasha Samman, ambayo hutolewa pia kwa wanaozitumikia lugha hizo.

Lakini lililotugusa zaidi ni habari ya wafalme. Sanaa nyingi za India ziliishi kwa kulishwa na wafalme, matajiri wa ardhi na mahekalu. Katika jimbo la Kerala, kwa mfano, maigizo ya Kathakali, ambayo mchezaji wake hufundishwa kwa miaka mingi hata macho yake yajue kusema, yalitegemea hisani ya nyumba za wakubwa. Nguvu za nyumba hizo zilipopungua, wachezaji wakaanza kukosa riziki. Mshairi Vallathol Narayana Menon akaona hatari. Akauza tikiti za bahati nasibu, akakusanya fedha, na mwaka 1930 akafungua yeye na wenzake chuo kiitwacho Kerala Kalamandalam. Baadaye serikali ikakipokea, na tangu mwaka 2006 kina hadhi ya chuo kikuu. Mwaka 1965 chuo hicho kilianza kufundisha Kutiyattam, maigizo ya kale ya lugha ya Kisanskriti, ambayo kwa karne nyingi yalikuwa amana ya koo chache za hekaluni, na safari hii mlango ukafunguliwa kwa wanafunzi wasio wa koo hizo. Mwaka 2001 UNESCO iliyatangaza maigizo hayo kuwa urithi wa binadamu wote. Nayo Sangeet Natak Akademi huwapa mafundi wa sanaa zilizo hatarini posho ya kufundisha, na wanafunzi wao posho ya kujifunza.

Tuseme wazi kwa nini jambo hili linatuhusu. Enanga, ule ubao uliochongwa mfano wa mtumbwi mdogo na kupitishiwa uzi huku na huko, nayo ilikuwa na wenyewe. Katika himaya za Kihaya, kutoka Kiziba hadi Ihangiro, mwimbaji alikaribishwa kikale, yaani ikulu ya Omukama, akala, akanywa, akapewa zawadi, na kwa malipo hayo akahifadhi kichwani mwake historia, nasaba na tendi kama za Rukiza, Kachwenyanja na Mugasha bwana wa ziwa. Mwaka 1963 utawala wa machifu ulifutwa kwa sheria. Tunaamini hadi leo kuwa ulikuwa uamuzi wa haki, kwa sababu Jamhuri moja haiwezi kuwa na raia wa daraja mbili, mmoja kwa kuzaliwa na mwingine kwa kura. India nayo ilizimeza tawala za wafalme wake, na mwaka 1971 ikawafutia hata marupurupu yaliyokuwa yamebaki. Tofauti ni kwamba wao walipomwondoa mfalme waliuliza nani sasa atamlisha mwimbaji wake, na wakaunda chombo cha kumlisha. Sisi tulifunga mlango wa kikale na mwimbaji akabaki uani.

Haitakuwa insafu kusema kuwa Taifa letu halikufanya lolote. Mwalimu Nyerere, katika hotuba yake Bungeni tarehe 10 Desemba 1962, aliuita utamaduni roho ya taifa na akatangaza wizara ya kuusimamia. Baraza la Kiswahili likaundwa mwaka 1967, Chuo cha Sanaa Bagamoyo kikaanza mwaka 1981, Baraza la Sanaa la Taifa likafuata kwa sheria ya mwaka 1984. Radio Tanzania ilizunguka mikoani ikinasa ngoma na nyimbo za wananchi. Mwaka 2023 Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ilitolewa kwa mara ya kwanza, na waandishi wetu wa Kiswahili wakaonja heshima iliyowastahili siku nyingi. Kwa upande wa Kiswahili tunaweza kusimama mbele ya taifa lolote bila kuona haya.

Tatizo ni kwamba katika kukijenga Kiswahili, wengi wetu tulianza kuiona kila lugha nyingine kama mpinzani wake. Tulikuwa na sababu. India hiyo hiyo tunayoisifu ilishuhudia vurugu na vifo mwaka 1965 katika jimbo la Madras, watu wakipinga Kihindi kuwa lugha pekee ya dola. Balaa hilo sisi halikutufika, na hatulitaki. Lakini mwenye kuhifadhi utendi wa Kihaya kwa kuunasa na kuutafsiri kwa Kiswahili hamwibii mtu wa Mtwara wala wa Tanga kitu chochote. Anamwongezea. Mwandishi Aniceti Kitereza, jirani yetu wa Ukerewe, aliandika riwaya yake kwa Kikerewe, akaigeuza mwenyewe kwa Kiswahili, na ilipochapishwa mwaka 1980 ikawa mali ya Taifa zima. Miaka 35 ilikuwa imepita tangu alipomaliza kuiandika, naye mwaka uliofuata akafariki dunia. Tunalitaja hilo kwa uchungu.

Kuhusu enanga yenyewe, yupo aliyefanya kazi kubwa. Mwaka 1970 mwanazuoni Ruth Finnegan aliandika katika kitabu kilichopata sifa nyingi kuwa tendi ni jambo lisiloonekana sana Afrika. Mwanafasihi wetu Mugyabuso Mulokozi alikwenda kwa waimbaji wa enanga, akawasikiliza, akanukuu tungo zao, akazichambua katika tasnifu yake ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ya mwaka 1986, kisha katika kitabu kilichotoka mwaka 2002. Mmarekani Peter Seitel naye alikusanya ngano za Wahaya, na mwaka 1980 chuo kikuu cha Indiana kikazichapa. Tunawashukuru wote. Hata hivyo, vitabu hivyo viliandikwa kwa Kiingereza, na mtoto wa Kamachumu anayetaka kuzisoma ngano za bibi yake lazima kwanza ajifunze lugha ya watu wengine. Sisi tuliopitia chuoni tukiwa wadogo, tukahifadhi juzuu kwa kusikia na kurudia kabla ya kujua maana, tunajua jinsi kifua cha mtu kinavyoweza kubeba maneno mengi. Tunajua pia kuwa asipopatikana wa kupokea, mwenye kifua huondoka nayo.

Tusiipambe India kupita kiasi. Mwezi Agosti mwaka 2015 mwanazuoni wa lugha ya Kikannada, M. M. Kalburgi, aliyekuwa amepata kutunukiwa na Sahitya Akademi, aliuawa kwa risasi nyumbani kwake. Waandishi wengi waliona Akademi imekaa kimya mno, na zaidi ya 30 wakatangaza kurudisha tuzo zao, akiwamo Nayantara Sahgal, mpwa wa Nehru mwenyewe. Chombo kilichoundwa kisiingiliwe na wakubwa kilishutumiwa kuwa kimejifunza kuwaogopa. Likitokea jambo kama hilo kwetu, tusidhani tutakuwa majasiri kuliko wao.

Hatuombi jengo, wala hatuombi akademi ya Bukoba yenye mkurugenzi, naibu na gari. Ombi letu ni dogo, na linaelekezwa kwa madiwani wetu wanaokaa kupitisha bajeti. Kila halmashauri ina afisa utamaduni, naye aghalabu huonekana siku ya mwenge na siku ya mgeni. Apewe kinasa sauti kizuri, mafuta ya pikipiki na muda. Azunguke vijijini awatafute wapiga enanga waliobaki, awasikilize utendi mpaka mwisho wake, bila kengele ya mshereheshaji. Nakala moja iwekwe katika maktaba ya mkoa mjini Bukoba, nyingine ipelekwe kwa wataalamu wa Chuo Kikuu waiandike kwa Kihaya na Kiswahili ubavu kwa ubavu. Na kila mzee atakayekubali kufundisha apewe posho, pamoja na vijana wawili, wa kike wakiwamo, maana hatuoni sababu ya milango kubaki imefungwa kwao. Wazee wa mkoa huu wanakumbuka jinsi fedha za kahawa zilivyosomesha watoto wao. Senti chache za kila kilo zingeweza kuifanya kazi hii, vyama vya msingi vikiridhia.

Tulikwenda tena kumwona yule mzee wa Muleba, kumtaka radhi. Alitupokea vizuri, akatupa kahawa ya kutafuna, na kwa adabu hakuzitaja zile dakika tano. Enanga ilikuwa imetundikwa ukutani, uzi wake umekatika mahali pawili. Tulipomwuliza kama angekubali kunaswa sauti, alisema atahitaji siku mbili za kuufunga uzi mpya, na kwamba tusije siku ya gulio.